Wasioingia Safinani

...na huyu mchungaji akishaanza kuomba hamalizi leo, alifikiri Hilletje, macho kayafumba nusu tu, kahawa itapoa, itapoa kama ilivyopoa siku ile walipokuja kumwambia, maana siku ile pia alikuwa huyuhuyu Mchungaji Verhoek, kwenye kiti hikihiki, akaanza na sala kabla ya habari, na mama akiona mchungaji ameanza na sala hana haja tena ya habari, chombo kimepinduka, dada Hilletje, wenzake wameonekana, Riekelt hajaonekana... na hajaonekana mpaka leo, mtoto wake wa pekee, mwaka wa pili huu, ilhali bahari ileile haina uchoyo hata kidogo wa kutoa mifupa, kila mara nyavu za wanaume wa hapa Urk zinapandisha tembo wa kale vipandevipande, mbavu, nyonga, pembe zilizooza, na hili jino hapa mezani juu ya gazeti, kati ya bakuli la sukari na sahani ya biskuti, kubwa kama mkate mzima, lina matuta kama ubao wa kufulia, Riekelt ndiye aliyelileta, aliingia nalo jikoni na mabuti yake ya matope, mama, si kila siku unalia na meno yako mabovu, haya, nimekuletea jingine, hili moja linajaza mdomo, naye akamfukuza na kitambaa cha vyombo, toka na uchafu wako, mtundu we, akatoka anacheka, alikuwa mtu wa kucheka sana yule, hata kanisani... Bwana, anasema mchungaji, wewe uliyeifunika dunia kwa maji kwa ajili ya uovu wetu... naam, hapo ndipo anapopapenda, kwenye maji, na kabla ya sala alikuwa hapohapo, jino hili likae shuleni kwetu, Jelle ndugu yangu, watoto waone kwa macho yao, siku hizi wanajazwa mambo, eti miaka mamilioni, eti tembo katokana na kitu mfano wa nguruwe, na Jelle, mume wake, nahodha mzima aliyewahi kumtukana mkuu wa bandari mbele ya watu, akawa anaitikia tu kama mtoto wa shule, ndivyo, mchungaji, ndivyo, na mchungaji akaendelea, Mungu aliumba tembo, wawili wakaingia safinani, na wote waliopo duniani ni uzao wa wale wawili, hawa wa kwetu wa chini ya bahari ni wale waliobaki nje, basi tutaandika kibao kidogo, Aliangamia katika maji ya hukumu, na chini yake, Kwa kumbukumbu ya Riekelt, itapendeza, na Jelle akasema itapendeza, au siyo, mama? naye hakujibu, wakachukua kimya chake kuwa ndiyo, sala ikaanza... Aliangamia katika maji ya hukumu, Riekelt, mstari mmoja juu ya mwingine, na mtoto wa miaka saba anayejifunza kusoma atasoma yote kwa pamoja, bila kupumua, atakwenda nyumbani kumwambia mama yake kwamba Riekelt wa Hilletje aliangamia katika maji ya hukumu, na mama yake atasema shh, usiseme hivyo, lakini hatasema si kweli. Na kwani ni mara ya kwanza? siku ya ibada ya kumkumbuka, hakuna jeneza, hakuna kaburi, mchungaji huyuhuyu alihubiri kuhusu watu ambao maji yaliwakuta wakicheka, kanisa zima likainamisha vichwa ili lisimtazame yeye... utunyenyekeze, Bwana, chini ya mkono wako... afadhali yule mwanamke wa makumbusho, Dokta Marleen, mwenye mkoba mgongoni na kucha chafu, alikuja vuli iliyopita akaligeuzageuza jino kwenye mwanga wa dirisha, huyu alikuwa bado kijana, mama, tembo huota magego kwa zamu mpaka zamu ya sita, la mwisho likisagika anakufa njaa, lakini hili halijasagika hata robo, naye akauliza, sasa kama bado kijana alikufaje, maji? na Dokta akasema maji hayakuwepo, palikuwa nyasi tupu, unatoka hapa unafika Uingereza kwa miguu, Jelle akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba, kumbe miaka yote nilikuwa navulia samaki malishoni, ndiyo mzee, malishoni, lakini yeye hakucheka, aliuliza tena, alikufaje, na yule mwanamke akaliweka jino chini, akamtazama, akasema, sijui, mama... sijui, hivyo tu, hakuna mtu mwingine aliyewahi kumwambia neno hilo, wote walikuwa wanajua. Ila siku ileile alimchukia pia, maana aliuliza, basi huyu ndiye babu wa tembo wa leo, na Dokta akasema hapana, ni binamu yao, ukoo ulianzia mbali, huko Misri, kwa kinyama kisicho na mkonga kilichoshinda majini kama kiboko, ukatoa matawi mengi sana, leo yamebaki matatu, na mengine je? yalikatika, mama, hayakuacha watoto, na Hilletje akainuka akaenda kuosha vikombe vilivyokwisha oshwa... hayakuacha watoto... siku nyingi baada ya hapo aliitamani safina ya mchungaji, ndani kuna joto, kuna majina, kila mmoja na mwenzake, mpaka alipofikiria mlango, na waliogonga kwa nje, na mama zao... mpe dada yetu moyo wa kupokea, Bwana... kupokea nini tena, alifumbua macho kabisa, dirishani palikuwa na mashamba ya viazi mpaka mwisho wa kuona, na pale, palepale kwenye viazi, babu yake alikuwa akitega mikunga kutoka kwenye mashua, maji matupu, kisha watu wakajenga tuta la kuzuia maji, wakapiga pampu, bahari ikaondoka, na siku hiyo hakuna aliyekuwa mtakatifu kuliko jana yake, maji yaliondoka tu, basi na yanapokuja huja tu, nyasi zikazama, kijana wake akazama, hakuna aliyekasirika, hakuna aliyepima kicheko chake... na wazo hilo lilikuwa baridi, halikuwa na mtu ndani yake, halikuwa na mkono wa kushika, lakini lilimwachia Riekelt bila kosa, na baridi anaiweza, ameishi nayo.

Akanyoosha mikono, akalichukua jino juu ya gazeti, taratibu, gazeti likalia kidogo, akaliweka mapajani akalifunika kwa aproni, lilikuwa zito kuliko alivyokumbuka, na neno lilikuwa tayari kinywani, hapana, mchungaji, na akijibiwa atasema tena hapana, na Jumapili watainamisha vichwa tena wasimtazame, sawa... akainua uso, akaona Jelle naye kafumbua macho, anamtazama, anaitazama aproni, midomo inafunguka, na kwa kitambo alidhani mume wake atasema kitu, atasimama upande wake, hata kikohozi tu kingetosha, lakini Jelle aliyafumba tena macho, akayabana kwa nguvu, akainamisha kichwa chini zaidi ya mwanzo, na mchungaji alikuwa bado anaomba.