Walinzi Watatu wa Bure

Mlango wa nyumba yake ulikuwa na makufuli matatu, na ndiyo maana mdogo wa mumewe alimbandika jina la Mama Kufuli. Wala hakuchukia. Mtu anayepiga chapa mitihani ya shule nyumbani kwake hana budi kuwa mwangalifu, na yeye alikuwa mwangalifu kupita kiasi. Walimu walimletea maswali yaliyoandikwa kwa mkono, akayapiga chapa kwenye kompyuta iliyokaa kando ya kitanda, akayahakiki nukta kwa nukta, kisha mwalimu mkuu akaja mwenyewe kuyachukua kwenye flashi. Miaka nenda miaka rudi, hakuna swali lililowahi kutoka nje. Kazi yenyewe haikuwa na mkataba. Ilisimama juu ya neno lake tu.

Basi Jumamosi moja asubuhi, mtihani wa sayansi wa darasa la mwisho ukiwa tayari na mwalimu mkuu akitarajiwa alasiri, kompyuta ikaanza vituko. Matangazo ya viatu vya kike yaliruka katikati ya ukurasa. Akifunga moja, yanafunguka mawili. Alikwisha kusikia habari za programu za kijasusi, zinazojificha ndani ya kompyuta, zikasoma kila herufi unayobonyeza na kumpelekea mtu usiyemjua. Kama mtihani umesomwa, itabidi aseme, maswali yatungwe upya, na yeye asiguse tena karatasi ya shule ile.

"Tafuta dawa yake kwenye intaneti," alisema mumewe, akifunga kamba za viatu. Alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, na zamu ilikuwa inamngoja. "Ila ujue, bure aghali."

Aghali au si aghali, uwezo wao ulikuwa wa bure. Akakaa kusoma sifa za programu za kufukuza majasusi. Ya kwanza ilikuwa na picha ya ngao. Mmoja aliisifu mpaka basi, na mwingine chini yake akasema ni takataka tupu. Ya pili ilikuwa na picha ya jicho na wasifiaji chungu nzima, lakini wote walikuwa wameandika sentensi ileile, jambo ambalo mhakiki hawezi kulifumbia macho. Ya tatu, yenye picha ya ufagio, ilijieleza kwa maneno machache, naye akaipenda kwa hilo. Angechukua hiyo mambo yakaisha. Lakini Mama Kufuli ni Mama Kufuli. Alijiambia kwamba mlinzi wa bure ni theluthi ya mlinzi, kwa hiyo watatu watafanya mmoja kamili. Akawaajiri wote kwa mkupuo.

Ngao ilipekua kwanza, ikaandika kwa herufi nyekundu: HATARI KUBWA, majasusi watatu. Jicho likapekua: HATARI KUBWA, majasusi watatu. Ufagio nao vilevile. Akabonyeza kufuta. Mashine ikaganda, ikazinduka, na majasusi wakawa palepale. Sasa alitaka kujua nani aliyewafungulia mlango, na jibu halikumchukua muda.

Mdogo wa mumewe alikuwa fundi rangi, na alikuwa akilala sebuleni kwao tangu nyumba aliyopanga ibomolewe. Jana jioni ndiye aliyekaa kwenye ile kompyuta.

"Shemeji, hebu njoo. Jana ulifungua nini humu?"

"Mpira tu," alisema, amesimama mlangoni na kitambaa cha kufutia brashi. "Na timu yangu ikafungwa, kwa hiyo adhabu nimeshaipata."

"Usiniletee mzaha. Umeniingizia majasusi. Mtihani wa watoto wa watu umekwenda, na kazi yangu imekwenda nao."

Utani ukamwisha usoni. Alitazama yale maandishi mekundu, akakunja kitambaa chake, akakikunjua.

"Mwalimu mkuu akija, nitaongea naye mimi," alisema mwishowe. "Nitamwambia niliingia bila ruhusa yako. Wewe kazi yako isiguswe."

Akaenda sebuleni, na baada ya muda ikasikika sauti ya godoro likikunjwa. Mama Kufuli alijua anafungasha ahame, akamwacha. Hasira hasara, wahenga walisema, lakini nani huwakumbuka wahenga akiwa amekasirika?

Akachukua simu ampigie mwalimu mkuu. Kidole kikasita. Atamwambia majasusi gani? Hajawahi kupeleka jina asilolihakiki. Akaifungua taarifa ya Ngao na kusoma yale maandishi madogo aliyokuwa ameyaruka kwa hofu. Jasusi wa kwanza: Jicho. Jasusi wa pili: Ufagio. Akaifungua taarifa ya Jicho. Jasusi wa kwanza: Ngao. Wa pili: Ufagio. Akarudia kusoma, kidole juu ya kioo, kisha kicheko kikamtoka mpaka akashika meza. Walinzi wake walikuwa wamekamatana wenyewe kwa wenyewe.

Alibaki jasusi wa tatu. Huyo alikuwa programu ndogo iliyokuja imejibandika kwenye herufi za mapambo alizozipakua mwenyewe, za bure pia, ili kurembesha kichwa cha mtihani. Walinzi wote watatu waliieleza namna moja: huleta matangazo, haisomi yanayoandikwa. Hata hivyo hakukubali kirahisi. Aliiondoa, akaondoa walinzi wawili, akapekua kwa Ufagio peke yake. Safi. Akautoa, akairudisha Ngao peke yake. Safi. Mwisho akaurudisha Ufagio na kuiondoa Ngao, akatulia. Mtihani ulikuwa salama na neno lake lilikuwa bado limesimama.

Akakimbilia sebuleni. Shemeji yake alikuwa amekaa juu ya godoro lililokunjwa, amevaa shati safi, anajifunza maneno kwa sauti ya chini. "Mwalimu, kosa ni langu. Mwalimu, dada huyu hana hatia."

"Shemeji, hakuna jasusi," alisema Mama Kufuli, akamweleza yote haraka haraka, ngao, jicho na ufagio.

Shemeji alimsikiliza bila kucheka. "Kwa hiyo si mimi?"

Hapo ndipo Mama Kufuli alipoelewa. Yeye alidhani shemeji anajitoa kafara kwa wema. Kumbe kijana aliamini kabisa kwamba ndiye aliyemharibia maisha.

"Si wewe. Niliwaleta mimi mwenyewe, wote watatu, kisha nikakusingizia wewe. Nisamehe, shemeji."

Shemeji akafuta uso kwa mkono wa lile shati safi. Mara mlango ukagongwa, na sauti ya mwalimu mkuu ikabisha hodi. Mama Kufuli hakuwahi kumweka mwalimu mkuu mlangoni. Siku hiyo alimwitikia kwa mbali asubiri kidogo, akainama, akaanza kulikunjua godoro.