Viti Saba, Watu Tisa

Kabla ya kununua gari, Retno na mumewe Pramono walikuwa na Jumapili zao. Waliishi Klaten, kwenye mtaa wa vichochoro nyuma ya kiwanda cha nguo ambako Pramono alikuwa fundi wa mashine. Siku hiyo walilala mpaka wakachoka kulala, wakala wali wa jana uliokaangwa kwa pilipili, kisha wakapakiana kwenye pikipiki na watoto wawili katikati, wakaenda kutazama treni zikipita.

Akazaliwa mtoto wa tatu, pikipiki ikawa haitoshi, wakanunua gari. Lilikuwa dogo, kuukuu kidogo, lenye safu tatu za viti: watu saba, wa nyuma wakikubali kukunja magoti. Muuzaji aliapa kwamba mwenyewe wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu, aliyekuwa akienda nalo sokoni tu. Soko lenyewe lazima lilikuwa juu ya volkano, kwa jinsi breki zilivyokwisha.

Kuwaka liliwaka kila asubuhi, lisisingiziwe. Lakini lilikuwa na visa vyake, na vingi vilimwangukia Retno. Mlango wa nyuma wa kulia ulikuwa haufunguki tangu ugongwe na mkokoteni wa mboga. Ule wa kushoto, wa kusukuma, ulifunguka siku ukipenda. Kiyoyozi kilimgandisha magoti aliyekaa mbele huku wa nyuma wakijipepea kwa leso, na penye mlima ilibidi kizimwe, la sivyo baiskeli zinawapita. Panya walitafuna nyaya. Chini ya viti kulijaa punje za wali, soksi zisizo na wenzake, na harufu ya maziwa yaliyomwagika ambayo hakuna sabuni iliyoiweza. Nyumbani hapakuwa na pa kuliegesha, likalala kwenye uwanja wa ukumbi wa mtaa. Kila palipofungwa hema la harusi Retno aliitwa akaondoe gari, hata akiwa na povu kichwani.

Hayo yote angeyavumilia. Shida ilikuwa viti. Ukiwa na viti saba na familia ya watu sita, mtaa mzima unajua kuna kimoja kitupu, na Bi Suparmi, mama yake Pramono aliyeishi nao, alikuwa hawezi kuona kiti kitupu akanyamaza.

Jumapili moja Pramono alikuwa ametoka zamu ya usiku, amelala mdomo wazi. Retno mwenyewe alikuwa ameshinda wiki nzima kwenye dirisha la mapokezi la zahanati akigombezwa na wenye foleni, naye alitaka kulala tu. Bi Suparmi akachungulia mlangoni, keshavaa, keshapaka poda.

"Mama Kinasih, mwanangu, umeamka?"

"Bado, Mama."

"Kuna kajambo kadogo. Mzee Darsono wa mtaani kwetu amepasuliwa ngiri, amelazwa hospitali, mjini Solo. Nimewaambia kina mama wa chama leo tunakwenda kumwona."

"Mnakwenda na nini?"

Bi Suparmi alimtazama kama aliyeulizwa mvua inatoka wapi. "Si gari lipo?"

"Watu wangapi?"

"Wachache tu. Na wote wembamba."

Retno alipofika uwanjani akakuta wanawake saba, wote wamejitanda mitandio ya kijani ya chama chao, wamebeba machungwa na mikate, na mwembamba alikuwa mmoja. Wakiwa na Bi Suparmi na yeye mwenyewe, walikuwa tisa.

"Mimi nakaa mbele," akasema Bi Tuminah, muuza tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuitia wateja. "Nyuma natapika."

"Ukikaa mbele gari litachimba barabara kwa pua!" akajibu Bi Yatmi, yule mwembamba.

"Na wewe ukikaa nyuma litapaa."

Wakacheka, wakasukumana, wakapakatana. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa kusukumwa na watu watatu. Njia nzima ilikuwa harufu ya mafuta ya mkaratusi, kila mmoja akijipaka na kumpaka mwenzake asisikie kichefuchefu. Haikusaidia. Kabla ya Kartasura Bi Yatmi akaomba mfuko wa plastiki, na mfuko ulipofika kwake alikuwa hauhitaji tena. Retno hakugeuka nyuma. Alifungua kioo, akaendelea kushika usukani.

Hospitalini mlinzi alitafuta jina la mgonjwa, akatafuta tena.

"Huyu karuhusiwa tangu jana, kina mama. Yuko kwa binti yake, Delanggu."

Wakatazamana. Delanggu walikuwa wameipita wakija.

"Si mngempigia simu kwanza?" Retno akauliza.

"Mgonjwa anapigiwa simu?" Bi Tuminah akashangaa. "Si itakuwa kama tunamdai?"

Wakarudi. Walipofika kwa binti yake Mzee Darsono, mlango wa kushoto ukagoma. Retno akauvuta kwa nje, wao wakausukuma kwa ndani, ukalia kidogo, ukatulia. Hapakuwa na njia nyingine. Alifungua buti, akalaza viti vya nyuma, wakaanza kutoka mmoja mmoja kwa magoti, matako mbele. Bi Suparmi alikuwa amevaa kitenge cha kubana. Akanasa katikati, hatoki wala harudi, Retno akimvuta miguu na Bi Tuminah akimsukuma kwa ndani na kuhesabu kama wanaotia mashua majini.

Mzee Darsono akatoka barazani kuona kelele ni za nini. Alisimama ameshika tumbo kwa mikono miwili, uso umemkunjamana.

"Jamani, msinichekeshe! Nyuzi zitafumuka!"

Bi Suparmi alipochomoka, wote wakaingia ndani wakicheka. Retno hakuingia. Alikaa ukingoni mwa buti, miguu ikining'inia, na machozi yakaanza kumtoka bila huzuni yoyote anayoijua, yakitiririka tu kama bomba lililolegea.

Bi Suparmi alirudi na glasi ya chai ya sukari nyingi. Akaona. Akaketi kando yake, akamshikisha glasi.

"Baba yake Pramono alipobanwa kifua," akasema, "nilibisha nyumba tatu zenye magari. Wa kwanza, gari bovu. Wa pili, ufunguo hauonekani. Wa tatu hakufungua, na taa niliiona. Tulimpeleka kwa gari la kuku. Alifika akiwa hajitambui."

"Hukuwahi kuniambia, Mama."

"Nikuambie ili iweje? Ila nilipoona nyumba yetu ina gari, nilisema hapa hatabisha mtu akarudi."

Retno alikunywa chai. Ilikuwa moto, ikamchoma ulimi.

"Mgonjwa niamshe hata usiku wa manane, Mama, sitasema neno. Lakini hawa si wagonjwa. Hawa wanakwenda kutazama mgonjwa. Ungeniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ndiyo maana watu huuliza."

Bi Suparmi akajipangusa vumbi la buti kwenye kitenge. Ndani Bi Tuminah alikuwa akisimulia jinsi walivyomtoa, na Mzee Darsono akimsihi anyamaze.

Kurudi nyumbani waliingia kwa njia ileile ya buti. Bi Tuminah peke yake ndiye aliyesema atapanda basi. "Si kwa ubaya, Mama Kinasih," akasema, "mgongo wangu." Lakini hakumtazama machoni, kama aliyesikia maneno ya kwenye buti, na kwa wiki kadhaa tempe aliyomuuzia Retno ilikuwa vipande vya pembeni.

Fundi alitengeneza mlango wa kushoto. Ule wa kulia alisema wauache tu.

Mwezi uliofuata mama mmoja wa chama alikuja mapema kuulizia gari, kuna harusi Wonogiri. Retno akiwa kitandani alimsikia mama mkwe akisema uani, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "Mwulizeni mwenyewe. Mimi si dereva."

Retno akatoka na nywele zake zilivyo.

"Leo haliendi, Mama."

Yule mama akasubiri sababu. Retno alikuwa nazo kadhaa za uongo, zilizokaa tayari mdomoni, lakini hata kuzisema aliona uvivu. Mwishowe mgeni akasema, "Haya," akaenda zake polepole, akigeuka mara moja.

Retno akarudi kulala. Usingizi haukuja. Uani Bi Suparmi alikuwa akifagia, na ufagio ulikwaruza chini kwa nguvu kuliko majani yaliyokuwapo yalivyohitaji. Pramono akageuka upande wa pili. Baadaye kidogo watoto wakaamka, wakaja wote watatu kumpanda mgongoni, wakitaka kujua leo wanakwenda wapi.

"Hatuendi popote," akawaambia, na kuwasogezea nafasi.