Marinda ya Laurean

Mkasi ulikuwa tayari mezani Severin alipoingia, akadhani umewekwa kwa ajili ya shauri lake. Alivua viatu, akauegemeza mwavuli mlangoni, kisha akakitazama kitambaa kilichofunika meza yote ya jikoni na kumwagikia viti viwili vya pembeni.

"Hapo sasa," alisema, "zinatoka skafu ngapi, shemeji?"

"Haitoki hata moja."

Severin alicheka, akavuta kiti cha tatu. "Kamati imeshakaa. Misa ya mwaka hiyo inakuja, watu wanauliza sare. Kila mtu apate kipande chake avae shingoni, tumkumbuke kaka sote. Ni jambo zuri."

"Ni zuri. Wanunue kitenge."

"Na hiki?"

"Hiki ni kilti," alisema Haika.

Alilitamka neno hilo kama marehemu mumewe alivyozoea kulitamka, bila haya, kama mtu anavyosema shati.

Laurean aliingia Uingereza kwa mlango wa Uskoti. Mwaka wake wa kwanza aliumaliza Dundee akifua mashuka ya hospitali. Asubuhi moja ya mvua alimwona mzee wa nyumba ya pili akisukuma pipa la takataka kulipeleka barabarani, kavaa kilti, ile nguo ya marinda ya wanaume wa Kiskoti, na kandambili. Mpaka siku hiyo Laurean alikuwa ameiona nguo ile kwenye picha tu, imevaliwa na wapiga zumari na maharusi. "Nilipomwona na lile pipa," alipenda kusimulia, "nikajua kumbe ni nguo kweli. Ya kuvaa, siyo ya kupigia picha." Tangu hapo aliitaka. Akahamia London, akapata kazi ya udereva wa basi, akaleta mke, akazaa binti. Kodi ya nyumba ilikuja kila mwezi, na hamu ikakaa pembeni kusubiri.

Mara moja tu aliikodi, kwa ajili ya harusi ya dereva mwenzake. Akitoka huko alipita kwenye sherehe ya Watanzania hapa hapa Edmonton, mtaa wao wa London, akiwa nayo kiunoni. Severin, mdogo wake, akasimama mbele ya meza kuu na kusema, "Kaka, mrudishie shemeji sketi yake, asije akashikwa na baridi." Ukumbi mzima uliangua kicheko. Laurean naye alicheka, tena kuwazidi. Lakini hakuikodi tena.

Kisha, alipokaribia kustaafu, alianza kuchagua. Vipande vya tartani, kitambaa cha miraba cha kushonea kilti, vilikuja kwa posta, akavibandika kwenye mlango wa friji kwa sumaku. Vya koo za Kiskoti, kila ukoo na miraba yake, hakuvitaka. Muuzaji alimwambia kwenye simu kwamba hakuna sheria, mtu yeyote anaweza kuvaa ya ukoo wowote, hakuna atakayemkamata. Laurean alishukuru, akakata simu, akamgeukia mkewe. "Mimi mtu wa Kibosho. Ukoo naujua. Siwezi kwenda kujifunika blanketi la nyumba ya watu." Akabakiza zile zisizo na mwenyewe, zilizofumwa kwa ajili ya yeyote atakayezipenda. Kila mgeni aliyefungua friji aliulizwa maoni. Haika alisema yeye anapenda ile ya buluu. Siku moja alirudi kutoka zamu akakuta mlango wa friji mweupe, hauna kipande hata kimoja.

"Umeagiza ipi?"

"Utaiona ikija."

Moyo wa Laurean ulisimama kabla kitambaa hakijafumwa. Kilifika baada ya mazishi, kimekunjwa ndani ya karatasi ya kaki, kizito kama mtoto aliyelala. Haika alikisukuma chini ya kitanda. Kilipotoka huko, miezi mingi baadaye, aliona kuwa si cha buluu. Kilikuwa cha kijani kilichokolea na kahawia ya chai isiyo na maziwa, na ndani yake mstari mwembamba wa njano uliopita huku na huku. Alikasirika kidogo, kisha akakasirika zaidi kwa sababu hakukuwa na wa kumuuliza kwa nini.

"Tuseme umeishona," alisema Severin sasa. "Nani ataivaa? Kaka hayupo. Beatha ni binti. Utaitundika ukutani kama kalenda?"

"Haitatundikwa."

"Basi nani?"

Haika alilainisha kona ya kitambaa kwa kiganja. Severin alifungua mfuko aliokuja nao. "Haya. Nilikuletea na suruali yangu ya suti. Ipunguze urefu kidogo, niivae siku ya misa. Wakiniuliza habari za skafu nitawaambia umekataa."

"Waambie."

Mlango ulipofungwa, Haika alichukua futi yake ya kupimia. Hakuanza na urefu wa suruali. Alianza na kiuno.

*

Kabla ya kuja Ulaya kuogesha wazee wa watu, Haika alikuwa fundi. Pale Moshi alishona sketi za shule, kila Januari milima ya sketi, na mikono yake ilijua marinda jinsi miguu inavyojua ngazi za nyumbani. Kwa hiyo hakuuliza mtu. Kila alasiri aliyotoka zamu mapema alikaa karibu na dirisha la jikoni, akakunja, akapiga pasi, akashikiza kwa uzi mweupe, rinda baada ya rinda, kuzunguka kiuno chote mpaka mwanzo ukakutana na mwisho.

Binti yake Beatha alimkuta ameinyanyua kwenye mwanga. Aliitazama, akaziba mdomo, akashindwa. Akasema kwa Kiingereza kwamba baba mdogo atafanana na mwanafunzi wa darasa la tano aliyerudia mara nyingi.

"Nani amekwambia ni ya baba mdogo?"

"Mama," Beatha alisema, safari hii kwa Kiswahili, "nani mwingine ana kiuno kile?"

Haika alitaka kumkaripia, lakini kicheko cha binti yake hakikuwa kimesikika jikoni humo tangu msiba, akakiacha kimalizike. Kisha aliinua macho kwenye picha ya Laurean iliyokuwa ukutani, ile ya siku ya harusi ya dereva mwenzake. Aliitazama picha hiyo kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Aliujua uso ule, tai iliyopinda, jicho la kushoto lililofinywa na jua. Chini ya mkanda hakuwahi kuangalia.

Mbele ya kilti ya pichani hapakuwa na rinda. Kitambaa kilishuka wima, bapa, kama kitambaa cha meza. Marinda yote yalikuwa nyuma.

Beatha naye aliliona kosa pale pale. Akaacha kucheka. "Utafanyaje?"

"Nitafumua."

"Yote?"

"Niletee wembe."

Alifumua mpaka giza lilipoingia, na siku iliyofuata akaendelea. Hakukata popote. Kitambaa kilirudi kuwa kimoja, kina alama za mikunjo iliyokosewa, naye akazipiga pasi ya mvuke mpaka zikapotea. Alipoanza upya aliacha mbele wazi, na kitambaa chote kilichobaki akakirundika nyuma, mikunjo ya kina kirefu.

Mikanda midogo ya ngozi ya kufungia kiunoni aliifuata Kingsbury, kwa Poonam, mama wa Kihindi aliyezaliwa Arusha ambaye aliuza nyuzi na vifungo nyuma ya duka la mumewe. Poonam aliitandaza mikanda mitatu juu ya kaunta.

"Mama Beatha, hii ya kuvaa mwanamume? Bwana mwenyewe yuko wapi, mlete nimjaribishie."

"Hajajua bado."

"Hajajua kama ni mwanamume?"

"Hajajua kama atavaa."

Poonam alicheka hadi mumewe akachungulia. Akaongeza uzi wa kijani bila kuulizwa. "Akikataa, mlete tu. Mimi nitamshika, wewe utamfunga."

Ilibaki kazi moja. Fundi wa kilti huchagua mstari gani utokeze mgongoni, na mikunjo yote huufuata huo. Haika alijaribu kahawia, akaona inapooza. Akasogeza meza karibu zaidi na dirisha apate mwanga, na ncha ya kitambaa ikaangukia chungu cha maua kilichokaa pale.

Ulikuwa mmea wa Laurean. Aliukuta kwenye duka la maua karibu na kituo cha treni, akarudi nao nyumbani akicheka peke yake barabarani. Ile ilikuwa isale, mmea wa mipakani na makaburini kwao Kibosho, na Wazungu walikuwa wakiuuza kama pambo la sebuleni. Jani refu, kijani kilichokolea, na katikati yake mstari wa njano. Shina lake lilikuwa kahawia.

Haika alikaa. Alilishika jani kwa mkono mmoja na kitambaa kwa mkono wa pili, akakaa hivyo mpaka birika likajizima lenyewe.

"Ungesema tu," aliliambia jani.

Kisha akaanza kukunja. Njano ya kulala, inayopita upande hadi upande, ilikatiza kama ilivyofumwa, hiyo hakuweza kuigusa. Lakini njano ya kusimama, ile ya juu hadi chini, aliiingiza ndani ya kila rinda. Mvaaji akisimama, mgongo ungekuwa kijani kilichokatizwa na njano ya kulala tu. Akitembea ndipo ingefunguka.

*

Siku ya misa Severin alifika asubuhi, juu kavaa shati la kitenge cha sare, chini suruali ya mazoezi. "Shemeji, nimekuja kujivalisha hapa hapa, tutoke pamoja. Suruali yangu ipo?"

"Ile pale."

Suruali ilining'inia mlangoni, imepunguzwa, imepigwa pasi mpaka mstari wake ungeweza kukata mkate. Severin aliinyoshea mkono, na hapo akaiona kilti. Ilikuwa juu ya kiti, imekunjwa. Juu yake paliwekwa jani moja, limefungwa fundo.

Mkono wake ulibaki hewani.

Kwao hilo halihitaji kusomwa. Mtu akikuletea jani la isale lililofungwa fundo, hata kama mmekosana kwa damu, hata kama uliapa, unakaa chini unamsikiliza, na ombi lake hulikatai.

"Shemeji," alisema taratibu. "Hii isale umeitoa wapi?"

"Dirishani."

"Ya dirishani haihesabiki. Hii imenunuliwa dukani."

"Wewe ulizaliwa hospitali, mbona unahesabika?"

Severin alitaka kucheka, kicheko kikamkataa. "Huwezi kuniwekea isale kwa ajili ya sketi."

"Si sketi."

"Unaniomba nini hasa?"

"Uivae mpaka kanisani. Tutakwenda kwa miguu hadi kituoni, na kwa basi, kama watu wengine. Ukirudi, suruali yako haitakuwa imeondoka."

"Watacheka."

"Hata yeye walimcheka."

Severin aliitazama picha ukutani, kisha akatazama soksi zake. Nje treni ilipita, vikombe vikatetemeka kabatini. Haika alikuwa amesimama na mikono yake imeshikana mbele, kama anavyosimama kando ya kitanda cha mgonjwa anayekataa dawa, akiwa na muda wote wa dunia.

Hatimaye Severin alilichukua jani. Akalitia mfuko wa shati, upande wa moyo, akaikwapua kilti na kuingia nayo chumbani.

Alitoka akiwa na marinda tumboni.

"Nyuma," alisema Haika. "Yanakaa nyuma."

"Unanicheka."

"Mimi niliyashona kuzunguka kote. Geuka."

Aliizungusha, akafunga mikanda ya Poonam, akapiga magoti kupima pindo na goti. Ilikaa sawa. Beatha alileta soksi ndefu za sufu zilizokuwa za baba yake, akampa baba yake mdogo, akarudi nyuma kumtazama. Akakohoa.

"Umependeza," alisema kwa Kiswahili kilichonyooka. "Baba mdogo, umependeza kweli."

"Upepo unaingia," Severin alilalamika.

"Ndiyo maana umepewa soksi," alisema Haika.

"Sizungumzii miguu, shemeji."

Walitoka. Mtaa ulikuwa wa kawaida, nyumba zilizoshikana mabega, magari yenye matone ya mvua ya usiku. Jirani yao Serge, Mkongo wa nyumba ya kona, alikuwa akirudisha pipa lake la takataka uani. Alisimama, akamtazama Severin kutoka viatu mpaka kichwa. Severin naye alisimama, mkono mmoja umeshikilia kitambaa pajani, uso wake tayari kwa lolote.

"Mambo, papa," alisema Serge. "Leo baridi." Akaendelea kusukuma pipa.

Severin alimfuata kwa macho mpaka geti likafungwa. Mkono wake uliachia kitambaa, kidole kimoja kimoja. Akaanza kutembea kuelekea kituo cha basi, kwanza hatua fupi za mtu aliyebeba maji kichwani, kisha hatua zake mwenyewe. Beatha alikimbia akamfikia, akamshika kiwiko.

"Shemeji," Severin aliita bila kugeuka, "mbona unabaki nyuma? Basi litatuacha."

"Nakuja," alisema Haika.

Lakini hakuongeza mwendo. Mbele yake kijani kilipanda na kushuka, na kwa kila hatua njano ilifunguka, ikajificha, ikafunguka tena, mpaka kwenye kona.