Vitabu Vyembamba

Mtu akiingia dukani kwangu akaniambia anataka kitabu cha kubadilisha maisha, kwanza namtazama viatu. Siyo kwa dharau. Mwenye viatu vilivyong'arishwa kupita kiasi amefukuzwa kazi na bado hajamwambia mkewe. Huyo nampa kitabu cha mtu aliyepoteza kila kitu akaanza upya. Mwenye kandambili katikati ya wiki amechoka na kelele za watu. Huyo nampa kitabu cha sala. Duka langu liko Kimisagara, limebanwa na wachomeleaji wa mageti upande mmoja na fundi cherehani upande wa pili, na kwa kazi hii sijakosea mara nyingi. Wateja wangu wa Kigali nawajua. Wanataka kujitafuta, ila kwa kurasa zisizozidi mia na hamsini, na wawe wamejipata kabla ya Jumatatu.

Utaratibu wangu ni mmoja, na asiyeupenda aende mjini kwenye maduka yenye viyoyozi. Vitabu vya shule nauza. Riwaya nauza. Vitabu vya roho na vya kujitambua naazimisha kwanza. Nenda kasome. Kikikubadilisha, baki nacho, ulipe bei yake. Kisipokubadilisha, nirudishie. Mukandekezi, mama yake Ariane, yule fundi cherehani jirani yangu, husema nitakufa maskini. Namwambia huwezi kumuuzia mtu dawa kabla hajajua kama itamponya.

"Mbona hospitali wanauza hivyo hivyo?" hunijibu, huku sindano iko mdomoni.

Silvère aliingia wakati wa mvua, viatu vimejaa udongo mwekundu wa Kinyinya. Ni mpima viwanja, na huko Kinyinya kila siku kuna mtu anayejenga. Nilimkaribisha kwa Kinyarwanda changu, kile ambacho wateja hukicheka kwa sababu nimekulia Karagwe, Tanzania, na ulimi wangu haukubali kunyooka. Yeye hakucheka. Alitabasamu akanijibu kwa Kiswahili.

"Wewe umekulia Tanzania, dada."

"Na wewe Bujumbura," nikamwambia, maana Kiswahili chake kilikuwa cha kule kabisa.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Wote wawili tulirudi katika nchi ya wazazi wetu tukiwa watu wazima, na kila tukifungua mdomo kuna mtu wa kutusahihisha. Katika Kiswahili hapakuwa na wa kutusahihisha. Angenisahihisha nani, yeye aliyesema "hii kitabu" na "ile maneno"? Nilipenda kumsikiliza. Naliandika hili mapema ili nisije nikajifanya sikulijua.

Siku ile alisimama mbele ya rafu, kofia mkononi. "Mama yangu alifariki," alisema. "Tangu hapo niko napima viwanja za watu, naweka mawe kwa kila kona, lakini mi mwenyewe sijui mpaka yangu iko wapi. Iko kitabu ya mambo kama hiyo?"

Nikampa kitabu kinene, kizuri, cha mtu aliyesafiri nchi nyingi akitafuta ukweli. Alikaa nacho mpaka nikamsahau. Aliporudi alikuwa na mfuko wa karatasi ya kaki, kitabu ndani yake, na juu ya kitabu marakuja, yale matunda ya pasheni.

"Hii haijanibadilisha," alisema kwa adabu, kama anayeomba radhi. "Lakini kwetu chombo hakirudi bure."

Hata kwetu chombo hakirudi bure. Ukiletewa maharage kwenye kikapu, kikapu unakirudisha na kitu, hata kama ni ndizi mbili, la sivyo umemwambia mwenzako kwamba mambo yenu yameishia hapo. Ila sijawahi kuona mtu akifanya hivyo kwa kitabu. Nilikula marakuja zote peke yangu, Mukandekezi sikumpa hata moja, na hiyo peke yake ingetosha kumwambia kila kitu.

Nikampa kingine kinene. Safari hii sikumsahau. Kila aliyekanyaga kizingiti nilinyanyua kichwa, na kila mara alikuwa mtu mwingine, na nilianza kuwachukia wateja wangu bila kosa. Aliporudi na parachichi mbili, nilikuwa nimekwisha kata shauri. Nikapita vitabu vyote vinene nikaenda moja kwa moja kwenye rafu ya chini, nikamchagulia kijitabu chembamba ambacho mtu anakimaliza kati ya Jumatatu na Ijumaa.

Jumamosi alirudi na asali.

Nikampa chembamba kingine. Jumamosi akarudi na mahindi ya kuchoma, bado ya moto. Nikajiona mjanja kuliko wote Kigali.

Sasa sikilizeni ujinga wa mtu anayejifanya anajua vitabu. Vitabu vya roho vinene vimeandikwa na wasemaji, watu wenye wake na waume, waliosafiri, waliogombana na kupatana, wana mengi ya kusimulia. Vyembamba vimeandikwa na watawa na wakaa-pweke. Mtu aliyenyamaza nusu ya maisha yake akishika kalamu anaandika kurasa sabini tu, na hakuna hata moja unayoweza kuiruka. Haya nilikuwa nayajua. Nimewaeleza wateja mara nyingi. Lakini mimi sikuwa nachagua maneno tena, nilikuwa napima unene kwa vidole.

Kwa hiyo Jumamosi baada ya Jumamosi nilimlisha Silvère wangu ukimya. Tulikaa kwenye benchi langu la mlangoni, ananisomea vipande alivyovipenda, nami natazama mikono yake. Mwanzoni alizungumza sana: mama yake, ziwa, wenye viwanja wanaosogeza mawe ya mipaka usiku na kuapa kwa jina la Mungu asubuhi. Kadiri vitabu vilivyozidi, maneno yalipungua. Mwishoni tuliweza kukaa hapo muda mrefu bila neno, wachomeleaji wakirusha cheche zao, na mimi nikidhani ukimya ule ni wa watu wawili waliozoeana.

Mukandekezi ndiye aliyeona. "Gwiza, huyu mwanaume unampa nini?" aliniuliza. "Zamani alikuwa anasalimia mtaa mzima. Mwambie unampenda kabla hajaisha."

"Nimwambieje, Mama Ariane? Mwanamke anajiposa?"

"Haraka ya kumwona unayo, haraka ya kumwambia huna." Akarudi kwenye cherehani yake. "Haraka haraka haina baraka, dada yangu."

Kinyozi hajinyoi. Watu wangapi nimewapa kitabu cha kuwafundisha wafungue mioyo yao? Mimi wangu niliufunga kama duka asubuhi ya umuganda, mtaa mzima ukiwa kwenye kazi ya pamoja.

Na ilikuwa Jumamosi ya umuganda kweli. Asubuhi tulifyeka majani kando ya mfereji na wenzetu wa mtaa, mchana nikafungua, na Silvère akaja. Shati jeupe, viatu safi. Nilitazama mikono yake. Hakuwa na mfuko. Hakuwa na kitabu, wala tunda.

"Hii ya mwisho nabaki nayo, dada Gwiza," alisema. "Imenibadilisha."

Nikakaa kwenye benchi. Akaniambia kuna monasteri huko kusini, milimani. Amekwisha zungumza na mkuu wa nyumba, watampokea kwa majaribio. Anaondoka juma lijalo. Alieleza taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu uso wake ulikuwa umetulia. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote. Ningekuwa mtu mzuri ningefurahi.

"Wanaruhusu kitabu moja," alisema. "Nataka unichagulie wewe. Hujakosea hata siku moja."

"Nimekosea," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, na cherehani ya jirani ikanyamaza. "Nimekosea tangu parachichi. Sikuwa nakuchagulia, Silvère. Nilikuwa nakupa vyembamba."

"Vyembamba?"

"Ili umalize haraka. Ili urudi." Nikaona nimefika mahali pasipo na kurudi nyuma. "Nakupenda. Sitaki uende. Nimekufundisha kuondoka mimi mwenyewe, nikiwa nataka ubaki."

Watu wa hapa hawasemi hivyo. Mambo kama hayo yanapita kwa wajomba na mashangazi, kwa maneno ya kuzunguka na vinywaji mezani. Silvère alitazama chini, akageuza kofia yake mkononi, na nikafikiri atatoka. Kumbe alikuwa anacheka, kicheko kidogo, na macho yamejaa maji.

"Na mi nilikuwa nasoma mbio," alisema. "Kitabu ya siku tano nilimaliza siku mbili. Zile siku zingine nilikuwa natafuta tunda gani nikuletee."

Tukatazamana. Nilitamani ardhi ile anayoipima ipasuke, au mvua inyeshe, au mteja aingie, chochote. Sikumwuliza kama atabaki. Alinijibu hata hivyo.

"Nimeahidi, Gwiza." Hakusema dada. "Tangu mama afariki hii ndiyo kitu ya kwanza nimeamua mi mwenyewe. Nikibaki leo, nitakuwa nimebaki kwa sababu umeniomba. Siku moja nitakulaumu. Acha niende nione. Kama mpaka yangu haiko kule, nitaijua."

Ningeweza kubishana. Nina ulimi. Lakini kazi yangu ni kumpa mtu kile anachokihitaji, na nilikuwa nimeifanya vibaya kwa muda mrefu. Nikapanda kwenye kiti, nikashusha kutoka rafu ya juu kitabu ambacho sijawahi kumwazima mtu. Baba alikinunua Bukoba, jalada limeshonwa upya kwa uzi. Kimeandikwa na mama mmoja aliyelea watoto saba na kumtafuta Mungu jikoni, huku chungu kikichemka na mtoto akilia, na mama huyo alikuwa na mengi ya kusema. Ni kinene kama tofali.

Silvère alikipokea kwa mikono miwili. "Hii ni bei gani?"

"Hakiuzwi. Nakuazima."

"Hata kama itanibadilisha?"

"Hata kikikubadilisha. Kisome chote, usiruke ukurasa, halafu ukirudishe."

Alielewa. Alikipima uzito, akaitikia kwa kichwa polepole, akakiweka kifuani. "Na chombo hakirudi bure," alisema.

"Hakirudi bure," nikamjibu, na akatoka, akapita mbele ya wachomeleaji, akawasalimia wote mmoja mmoja kama zamani.

Mvua zimepita, zimerudi. Pale juu ya rafu pameachwa wazi, na Mukandekezi nimempiga marufuku kuweka hapo hata kikombe. Wiki hii aliingia msichana mmoja mwenye viatu vya kazini, anatafuta kitabu cha kumbadilishia maisha. Alizungusha macho akaona lile pengo.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Kitabu. Kimeazimwa."

"Kitarudi lini?"

Nilitazama mlangoni kwanza. Siku hizi natazama bila kujijua.

"Ni kinene," nikamwambia. "Ni kinene sana."