Diski ya Nizar

Nizar alipotuma ujumbe kutoka Marseille kwamba anaitaka diski yake ya kompyuta, mkewe Dorsaf aliusoma akiwa amesimama, kisha akakaa. Binamu yao Ridha alikuwa anavuka na meli Alhamisi, ampe yeye. "Ndani mna kazi zangu zote," mumewe aliandika, "na wewe huitumii." Ni kweli, hakuitumia. Lakini mtu aliyeaga kwa msimu mmoja wa baridi, ukapita, ukapita na wa pili, kisha akaanza kuagiza vitu vyake kimoja kimoja, mkewe hahitaji kufafanuliwa.

Kompyuta ilikuwa moja, kando ya mashine ya kutarizi, na ndani yake diski mbili. Ya Nizar ilikuwa na mfumo wa Linux, kwa sababu Nizar ni mwandishi wa programu na hakutaka kusikia kingine. Ya Dorsaf ilikuwa na Windows, kwa sababu mashine yake ya kutarizi magauni ya maharusi haikuelewa kingine. Watu wa Sfax, mji wao huko Tunisia, husemwa kwa ubahili, na Nizar hakuona sababu ya kununua kompyuta mbili. Basi waligombania kiti: Dorsaf akimaliza maua yake anazima, mume anawasha upande wake. Enzi hizo Dorsaf alinung'unika kila siku. Sasa angetoa dhahabu zake zote ili asukumwe tena atoke kwenye kile kiti.

Jumatano asubuhi alimwita rafiki yake Olfa, mwenye duka la kompyuta, aliyesoma darasa moja na Nizar. Olfa akafungua ubavu wa kompyuta, akachomoa diski ya Nizar, akaiviringisha kwenye kitambaa. Kisha akawasha, ili Dorsaf aendelee na kazi. Skrini ikabaki nyeusi, na mstari mmoja tu wa maandishi: hakuna mfumo uliopatikana.

"Umeniua!" Dorsaf akaruka. "Olfa, nina magauni ya watu humo!"

"Tulia, shoga, usianze matanga na maiti hayupo." Olfa alibonyeza hapa na pale, halafu akaangua kicheko. "Mumeo huyo! Ukitaka kuweka mfumo wa pili kwenye diski ya pili, kwanza unachomoa ile ya kwanza. Sote tunafanya hivyo. Bwana mkubwa akaona uvivu. Windows yako ilipoingia ikaikuta diski yake imechomekwa, ikaweka kianzio chake, kile cha kuiwashia, huko huko. Maua yako yote yapo salama. Kuamka tu ndiko kunapitia kwa Nizar."

"Kwa hiyo bila yake haiwaki?"

"Kwa sasa. Nikikuwekea kianzio kwenye diski yako, humhitaji tena. Si kazi."

Dorsaf aliitazama diski iliyoviringishwa. Alijua ulikuwa uvivu wa fundi, hapakuwa na mapenzi yoyote ndani yake. Hata hivyo alifurahi, furaha ya kijinga, kwamba humu nyumbani kulikuwa na kitu kingine kilichoshindwa kwenda bila Nizar, si yeye peke yake.

"Ngoja kwanza," alisema, akapiga simu.

Nizar alipokea haraka, sauti za watu nyuma yake.

"Diski haiwezi kuja," Dorsaf alisema. "Ikitoka, yangu haiwaki."

"Lo! Kumbe sikuichomoa?" Akacheka, na kicheko hicho kikamchoma Dorsaf, maana hakikuwa kimebadilika hata kidogo. "Mpe Olfa atengeneze."

"Olfa ameshindwa."

Olfa akatoa macho. "Mimi?" aliuliza bila sauti, akijigonga kifua kwa bisibisi.

"Ameshindwa kabisa. Anasema aliyeiweka ndiye aje."

Huko Marseille mlango ulifungwa, kelele zikakatika.

"Dorsaf," Nizar alisema, "kazi hiyo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaiweza."

"Najua. Najua, Nizar. Nina hamu nawe. Njoo."

Alimsikia akivuta pumzi. Akangoja, na angeweza kungoja hivyo mpaka jua lizame.

"Ridha anaondoka saa ngapi kesho?" Nizar aliuliza kwa upole, kama anayesema na mgonjwa.

"Alfajiri."

"Haya. Asante."

Dorsaf aliweka simu mezani.

"Itengeneze," alimwambia Olfa, akageukia ukutani.