Kinu kilichotwanga mgongo wa mwanangu

Usiku wa jana niliota natwanga uani na wifi yangu Somoe, dada wa mume wangu. Kinuni hamna mpunga. Mna uzi mweupe wa nyama, laini kama tambi.

Kinu kikasema, "Huyo ni mwanao. Kila mchi ukitua, inatokea pingili moja ya mgongo. Msipoteze mdundo."

Nimeolewa siku nyingi sijapata mtoto, kwa hiyo sikukiuliza kimejifunza lini kusema.

Mara ua wetu uko chini ya bahari. Kuku ni wale wale, ila wanaogelea. Mchangani anachomoza kisamaki kisicho na macho wala taya, unamwona mpaka ndani. Kinu kinanieleza kuwa huyo ni wa ukoo wa zamani, kabla mgongo haujapata mfupa. Nampa shikamoo.

"Marahaba. Anzia puani. Sisi tuna pingili mpaka puani na hatujafa."

"Babu, kwetu uso hubaki mzima. Naanzia kisogoni."

"Uso mzima ni wa nini?"

"Wa kumchekea baba yake."

Akasonya. Bila taya, sijui aliwezaje.

Tukaanza kisogoni kushuka chini, pingili zikitokea kulia na kushoto pamoja. Jirani walikuwa wanatwanga mbio mbio. Nikachungulia kinu chao: chatu, pingili hazina mwisho. Nikamwambia Somoe tusiwaige.

Lakini Somoe hajui kutwanga bila madoido. Anarusha mchi juu, anapiga makofi, ndipo anaudaka. Safari hii akaongeza kofi, mchi ukachelewa. Pale uzi ukabaki bila mkato wa pingili, ukaanza kupinda.

"Wifi, unamtia mwanangu kibyongo."

"Si wako peke yako. Ni wa kaka yangu pia," akasema, bado anapiga makofi.

Nikashika mchi kwa mikono miwili, nikatwanga zamu yangu na yake, mpaka mkato ukatokea na mgongo ukanyooka. Mwisho kukawa na kamkia. Nikataka kukakata.

"Kaache," babu akasema. "Katakwenda kenyewe."

Nikaamka kumekucha. Somoe amesimama mlangoni, kakunja uso, ananionyesha kiganja cha kulia.

"Wifi, hili lengelenge nimelipata wapi? Na sisi siku hizi tunakula unga wa mashine."

Yangu yalikuwa kwenye viganja vyote viwili, na nilikuwa nimevificha juu ya tumbo.