Shingo ya Bibi Harusi

Somo Mwanaheri, kungwi wa harusi, alikuwa akimsugua Lulu singo; alipofika shingoni alisonya. Wanawake wa nyumba tulikuwa tumeketi mkekani, chumba kizima kinanukia liwa, harusi imekaribia. Mikono ya bibi harusi iling'aa, miguu iling'aa, ila shingo ilibaki nyeusi kama imeungua. Somo akachukua jiwe la kusugulia nyayo.

Mimi ni mama mdogo wa Lulu, nimemlea tangu dada yangu afariki. Lakini somo hakatazwi kazini kwake, ndivyo tulivyokuzwa hapa Vingunguti, basi nikauma meno. Ngozi ilipoanza kuchubuka, Lulu akamshika mkono.

Akasema hizo si taka. Kumbe alishakwenda hospitali peke yake, akatolewa damu asubuhi kabla hajatia kitu mdomoni. Akatueleza kama alivyoelezwa: sukari yake iko sawa, ila insulini imepanda. Insulini ndiyo inayoiingiza sukari mwilini ikatumike. Mwili wake umekuwa mzito kuisikia, basi kongosho linazidi kuimwaga, kama mama anayemwita mtoto mtundu, kila akipuuzwa anapaza sauti. Insulini hiyo iliyozidi ndiyo inayotia weusi shingoni. Kisukari hana, lakini akijiachia atakipata. Ameambiwa apunguze wanga na soda, atembee, kisha arudi kupima.

"Sukari iko sawa, halafu unaumwa sukari," somo akasema. "Mie nawasinga maharusi tangu hujazaliwa."

Akaendelea kusugua mpaka damu ikatoka.

Jioni akaja mama mkwe, Bi Raudha, kumtazama mwari kama ilivyo desturi. Akafunua kanga, akaitazama ile shingo, akauliza kama msichana huyu huwa anaoga. Sasa shingo chafu ni fedheha ya somo, na ugonjwa ni fedheha ya mwenyewe. Somo hakusita hata kidogo.

"Si uchafu, bi mkubwa. Ana kisukari, kaniambia mwenyewe."

Lulu alikana, nami nikakana, lakini Bi Raudha alishatoka uani kumpigia mwanawe simu. Akasema mwanawe haozwi maradhi.

Farhan, bwana harusi mwenyewe, akaja mbio. Anafanya kazi duka la dawa Mikocheni, kijana msomi, nami nilipomwona nilishukuru, maana nilijua huyu ataelewa. Mila haikumruhusu kumwona bibi harusi, tukamwacha aingie hivyohivyo. Lulu akampa simu yenye majibu. Akayasoma yote taratibu, kisha akamfafanulia mama yake vizuri kuliko hata Lulu, kwamba hiki si kisukari, na hali hii inaweza kutengemaa. Bi Raudha akatulia. Mimi nikaanza kupumua.

Kisha Farhan akamgeukia Lulu, akamuuliza kama siku zake anaziona kila mwezi.

Nilitamani adanganye. Naapa nilitamani. Lakini mtoto huyu hajui uongo: akasema hupita miezi hazioni, na daktari alimwambia hayo yote ni kitu kimoja, kwamba mimba inaweza kuchelewa, ila inatibika na wengi huzaa.

Farhan akamrudishia simu.

"Ingekuwa kisukari tu, mama, ningemuoa, dawa zipo," akasema. Hakumtazama hata Lulu. "Mtoto wa kubahatisha siwezi."

Wakaondoka wote wawili. Nimewahi kuchukia watu maishani, lakini sijamchukia mtu kama nilivyomchukia kijana yule, aliyeelewa kila neno. Mjinga ningemsamehe.

Somo alikuwa anakusanya vibakuli vyake. Hakuomba radhi. Alisimama mbele ya Lulu pale mkekani, damu imemkauka shingoni, akatikisa kichwa kwa huruma kabisa.

"Mdomo wako ndio uliokuponza, mwanangu. Ungenyamaza, mie ningekupaka poda, na saa hizi bado una mchumba."

Lulu, kwa adabu niliyomfunza mwenyewe, akainamisha kichwa akaitikia, "Sawa, somo."